Karibu ya Bi Mize

Huku Wete mtandao haufungwi kwa jina wala kitambulisho. Fundi hubisha hodi na kisanduku chake mkononi, kile kinachoendesha taa, simu na hata mlango kwa sauti, na sauti ya kwanza kumwitikia ndiyo inayosajiliwa kuwa ya mwenye nyumba. Mimi mtu wa Mbeya, nimehamia juzi tu, nani aliniambia?

Fundi Shaame alipobisha nilikuwa bafuni, povu limejaa kichwani. Jirani yangu Bi Mize alikuwa ukumbini, kaniletea mkate wa mchele. Akafanya ambalo jirani yeyote angefanya: "Karibu!"

Nilipotoka, kisanduku kilikuwa ukutani na mtandao unakwenda kasi. Nikaamuru taa ziwake, zikagoma. Nikataka kumpigia mama, kisanduku kikaniuliza kwa adabu kama Bi Mize ameniruhusu.

"Kifute basi, uanze upya!" nilimwambia Shaame.

"Haifutiki, dada," alisema Shaame, akinishangaa. "Karibu ikishatoka, unairudishaje?"

Bi Mize aliniomba radhi karibu alie. Nikamwambia yaishe, ingawa sikuelewa ni kipi kilichokwisha.

Jioni nikarudi kutoka sokoni, mlango wangu ukakataa kufunguka. Nikasimama na kikapu kama mjinga, kisha nikabisha hodi nyumbani kwangu mwenyewe.

"Karibu, mgeni," sauti ya Bi Mize ikaitika kutoka ndani. "Utakaa siku ngapi?"

Nikageuka. Bi Mize mwenyewe alikuwa uani kwake, anaanua nguo. Alikuwa amesimama na nguo mkononi, naye akisubiri nijibu.