Wadudu wa Shaweji

Shaweji aliwaunda wadudu ndani ya kompyuta ili wajitafutie riziki: mzembe afe, mjanja azae. Lakini kila alipotoka, mama yake, Bi Mgeni, alikishika kipanya akawamwagia chakula. Sasa, kwa kuwa hakuna tena aliyehitaji kutafuta, walizaliwa wasio na miguu, wamerundikana pembeni mwa kioo cha kompyuta, vinywa wazi.

"Mama, umeniharibia kazi! Waache waone njaa, ndiyo itakayowafunza!"

"Nyumbani kwangu hashindi kiumbe na njaa," alisema mama, akiweka sahani ya wali mezani. "Na wewe tangu asubuhi hujala."

"Mama, mimi mtu mzima na ndevu zangu!"

Alipofungua kinywa aendelee kufoka, tonge likaingia kutoka mkononi mwa mama. Akatafuna kwa hasira. Kiooni, wadudu waliachama, wakingoja zamu yao.