Maji ya Chuo

Felista alitumwa na kituo cha hali ya hewa cha chuo kikuu kwenda kwao Mgori, akang'oe kipima mvua cha marehemu baba yake. Mzee alikisoma kila asubuhi, miaka ishirini na sita. Daftari lake la vipimo lilikuwa limeishia Novemba.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukichukua, hakina msomaji."

"Marahaba. Chukua na maji yake."

Uvunguni zilijipanga chupa za soda, zimezibwa kwa magunzi.

"Kusoma sijui, mwanangu. Nikawa nayamimina humu, kila mvua na chupa yake. Hii ya kwanza ni ya siku tuliyomzika."

Chini ya mwandiko wa baba, Felista aliandika tarehe ya mazishi, kisha akazibua chupa ile ayapime maji yake.