Nkambo Hali Karanga

Mezani palibaki pakiti mbili za unga wa karanga. Zilipaswa kuwa tatu.

Fidélie alizihesabu tena, akainama kuangalia chini ya meza, kisha akafungua daftari. Asubuhi hiyo mifuko miwili ya mboga ya lengalenga ilikuwa imetoka kwake Kikula, mmoja na karanga, mwingine bila. Huo wa bila karanga ulifungwa uzi mwekundu. Ulikwenda kwa Julie, mtaa wa Panda.

"Princesse, pakiti ya kalanga uliweka mu mufuko gani?"

Msaidizi wake, aliyekuwa akipima samaki wakavu, alibaki na kijiko hewani. "Mu yote mbili, yaya. Si yote ni lengalenga?"

Simu ya Julie iliita hadi ikakatika. Julie alikuwa mwalimu, na saa hiyo alikuwa darasani. Fidélie alipiga mara nne. Halafu akatoka bila kuvua aproni, akamwita Glody, mwendesha pikipiki wa kona yao.

"Panda. Usisimame popote."

Fidélie alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika maabara ya kupima madini. Baadaye akaanzisha biashara yake: chakula kilichokatwa na kupimwa, na karatasi ya mapishi ndani, kwa familia ambazo mtu mmoja akila kitu fulani anaweza kufa. Chini ya kila karatasi aliandika maneno yaleyale: Tia vyote vilivyomo. Ndiyo ilikuwa faida ya mfuko. Anayepika hahitaji kujua chochote.

Njiani, malori ya mawe ya madini yalikuwa yamesimama yakingoja treni ipite. Glody akapenya pembeni, gurudumu moja mtaroni. Fidélie akatazama saa, akapiga simu tena. Kimya.

Aliikumbuka oda ya kwanza ya Julie neno kwa neno.

"Nkambo hakulake kalanga, Maman Fidélie. Hata kidogo. Mara ya mwisho uso ilivimba, pumzi ikakatika, tukamukimbiza ku hôpital."

"Iko na meno ngapi? Nijue namna ya kukata nyama."

"Haifike kumi." Julie alicheka. "Na usitie pilipili. Akikasirika anatupa sahani chini."

Fidélie alicheka pia. Kwao nkambo ni bibi, basi akaandika: Bibi. Meno machache. Nyama ndogondogo. Karanga hapana.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kando yake palikuwa na gunia la safari, kamba zake bado zimefungwa. Kwenye kiti kifupi alikaa mwanamke mzee, sufuria mapajani, akikomba mabaki kwa tonge la ugali wa bukari.

"Nkambo, wacha! Usikule!"

Fidélie aliinyakua sufuria. Harufu ya karanga ikampanda puani.

Mzee alimtazama kutoka juu hadi chini, tonge bado mkononi. "Sasa weye, unaninyang'anya chakula mu kinywa? Ku kwenu hawapikake?"

"Mulikula saa ngapi?"

"Tulikula wakati sala ya redio ilianza. Ju ya nini?"

Ibada hiyo Fidélie aliijua. Alitazama saa: dakika arobaini na tano zilikuwa zimepita. Akapiga magoti, akamshika mzee kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. Midomo haikuvimba. Ngozi ya shingo ilikuwa safi. Alimwekea sikio kifuani, akasikia pumzi inaingia na kutoka bila mluzi.

"Mudomo haiwashe? Koo haibane?"

"Minye? Kalanga nakulaka tangu butoto. Njo inaletaka utamu." Mzee akacheka, meno manne mbele. "Weye ni munganga, ao ni mwizi ya sufuria?"

Dakika arobaini na tano, na hakuna dalili hata moja. Fidélie aliamini alichokiona kuliko alichosimuliwa. Pengine ile siku ya hospitali ilikuwa samaki, au nyuki. Watu huchanganya sababu. Alikaa chini ukutani.

Glody alikuwa bado barabarani, injini inanguruma. "Yaya, ningoje?"

"Enda. Hakuna shida."

Akamtumia Princesse ujumbe wenye maneno hayohayo. Mzee akamletea maji katika kikombe cha bati, naye akayanywa yote kwa mkupuo. Sauti ya pikipiki ilififia upande wa reli.

"Kumbe weye njo unatumaka mifuko," mzee alisema. "Julie anakusifuka sana. Minye hata kusoma sijue, nilitia tu yote yenye ilikuwa ndani. Ngoja nimwite Nkambo, akupe mukono."

Aligeuza uso kuelekea chumbani. "Nkambo! Nkambo ee!"

Fidélie aliteremsha kikombe polepole. "Nkambo si njo weye?"

"Minye ni mama ya Ruphin, bwana ya Julie. Nilifika jana na bus." Mzee alikuwa bado anacheka. "Nkambo ni katoto ka Julie na Ruphin. Walikapatia majina yangu, basi nyumba yote banakaita nkambo kama minye. Kalikula sahani muzima, kakalala. Hii ni mara ya tatu nakaita, hakaitike."