Ukanda wa Kidevuni

Mlango wa ndege ulikuwa wazi, upepo unavuma kwa kelele, pale dada alipoona ukanda wa helmeti ya mdogo wake unaning'inia kidevuni, unachezacheza kama ulimi wa mbwa aliyechoka.

Warukaji wa parachuti wana desturi yao: kabla hujaruka, mwenzako anauvuta ukanda wako kwa vidole viwili. Akiukuta umelegea, anaukaza. Lakini hawa wawili walikuwa wamenuniana tangu chai ya asubuhi, eti nani kavaa soksi za nani.

Dada akanyoosha mkono.

"Niache! Wewe si mama."

"Haya, bibi mkubwa. Jifunge mwenyewe."

Akaurudisha mkono, akatazama pembeni. Mdogo mtu akaruka, naye akafuata.

Hawakufika mbali. Helmeti ilichomoka, ikapanda juu, ikampita dada karibu kabisa na shavu, tupu. Chini yake akakiona kichwa cha mdogo wake kiko wazi, na ile mistari ya nywele aliyomsuka juzi kwa mikono yake, akimpuliza shingoni ili asisikie maumivu.

Maparachuti yakafunguka.

"Linda kichwa, mdogo wangu! Linda kichwa!" dada alipiga kelele, lakini upepo ukayachukua maneno yote.

Mdogo mtu akatua. Upepo ukalijaza parachuti lake, ukamwangusha chali, ukaanza kumburuta kuelekea kwenye mawe ya ukingo wa uwanja.

Dada alikuwa bado yuko juu, anashuka taratibu, hana namna ya kuharakisha.