Plasta ya Jicho

Tangu upande mmoja wa uso wa Mwanaharusi, mke mdogo, upooze, jicho lake la kushoto halikufunga tena. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu uliovimba. Utapona kwa dawa na kukandwa, ila akilala jicho lizibwe lisikauke. Basi kila baada ya chakula cha mchana, Bwana Shekue alimkanda shavu, akamshusha kope kwa kidole, akambandika plasta.

Bi Mgeni, mke mkubwa, alisimama mlangoni, roho ikimuuma. Yeye hajapata kushikwa uso hivyo.

"Na miye je?"

"Wewe una nini, Mama Kombo? Mzima kama kigongo!"

Bi Mgeni akaenda chumbani kwake, akakata plasta, akaliziba jicho lake zima. Akalala chali, akiyasikiliza makubazi ya mumewe yakipunguza mwendo mlangoni.