Chungu cha Asubuhi ya Pongal

Maziwa yalikuwa yamefika shingoni mwa chungu kipya, pale Sornam alipofunga mche mbichi wa bizari ya manjano. Alikuwa amechutama uani, jua la Pongal, sikukuu ya mavuno, likichomoza, konzi ya mchele wa mavuno mkononi.

"Yakimwagikia mashariki, mwanao anarudi na mchumba," wifi yake alisema.

"Arudi na nguo safi kwanza. Huko Chennai hata soksi hajui kufua."

Wakacheka, kisha wakapunguza sauti. Kwa jirani hakukuwa na moto, wala michoro ya unga wa mchele mlangoni. Walikuwa na msiba, na nyumba yenye msiba haichemshi chungu.

Mume wa Sornam alitoka ndani na simu mkononi. Aliiweka chini, akapiga magoti, akaanza kuchomoa kuni moja moja mekoni na kuzizima mchangani.

"Kaka, unafanya nini? Yamebaki kidogo tu yafurike," wifi alisema. "Kaka, utaungua."

Alichomoa hata kile kijinga cha mwisho, kwa mikono mitupu.

Povu lilikuwa limeshafika mdomoni mwa chungu. Likatetemeka hapo, kisha likaanza kushuka, likiacha utando mweupe ndani ya udongo.

Sornam hakuuliza nani amepiga simu. Alirudisha mchele kwenye ungo, akaenda mlangoni kwenye michoro aliyoamka alfajiri kuichora, akaanza kuifuta kwa unyayo kabla hajaambiwa.