Kuchakuro na Mpapai Dume

Kuchakuro, mnyama wa jamii ya kindi, alikuwa mroho kupita kiasi, na mti usiozaa ulimkera. "Wewe mpapai dume, kazi yako maua tu!" alifoka, akaanza kulitafuna shina.

"Ndugu yangu, mwache!" alilia Nondo, kipepeo wa usiku. "Unga wa maua yake ndio ninaowapelekea majike wazae."

Kuchakuro hakusikia la mtu, na mti ukaanguka. Msimu ule mipapai jike ikachanua, maua yakapukutika yote bila kuzaa, na wana wa Kuchakuro wakalala njaa.

Kwa rehema ya Mungu, mche wa mpapai uliochipuka kando ya kichuguu ukaja kutoa maua ya dume. Kuchakuro akaulinda mwenyewe, akifukuza hata panzi. Papai la kwanza la majike lilipoiva, hakuling'ata. Alilibeba mpaka chini ya lile dume alilolilinda.

"Asante, baba," akasema. "Karibu tule."